Si Bangili

Kaka,

Salamu zako zimefika. Mama hajambo, goti limepoa, na paa la jikoni limezibwa.

Sasa sikiliza. Tulipochimba chini ya ghala la ngome tulipata pingu mbili ndogo za chuma. Wewe unayetaka kuigeuza ngome hiyo hoteli umemtuma msaidizi wako aniambie niziandike "bangili za kale", wageni wasije wakakosa hamu ya kula. Umekuwa mkavu wa macho tangu lini? Mimi ni mkuu wa uchimbaji, si mpambaji wako.

Nilimwita mama kazini azione. Alijaribu kupenyeza mkono, ukakwama kwenye vidole.

"Hizi ni za mtoto," akasema.

Nikamweleza unachotaka. Akanirudishia pingu, akasema, "Mwandikie aje aniambie mwenyewe kwamba ni bangili."

Nimeziandika "Pingu za mtoto" na kuziweka mlangoni, mahali watakapopita wageni wako wote. Ukitaka kuziondoa, njoo uziondoe kwa mkono wako, mama akikutazama.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.