Vipimo vya Kitanda cha Hanifa

Kinondo, Kwale
Mwanzo wa Shaabani

Kaka Issa,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima, mgongo umepata nafuu baada ya safari zote hizo za lori, na joto la Maskati limekubakishia nyama kidogo mwilini. Sisi huku tu salama. Goti la Mama limetulia tangu aanze kujipaka ile dawa uliyomtumia, ingawa yeye anasema ni dua zake mwenyewe. Baba yuko vilevile: asubuhi shambani, jioni msikitini, na katikati ni malalamiko kwamba nyani wamemaliza mahindi.

Utashangaa kwa nini nimekuandikia kwa karatasi ilhali sote tuna simu. Ujumbe wa sauti huko kwenu husikizwa na chumba kizima. Thoya mwenyewe, mwenzako wa chumba, amenisimulia mlivyocheka Mama alipokukumbusha kufua soksi. Tena kwenye simu hukawii kunikatiza, na haya ninayotaka kusema yanahitaji kusomwa hadi mwisho. Kwa kuwa likizo ya Thoya imekwisha na anarudi huko kazini kwenu, nimempa bahasha mkononi, nikamwomba asikukabidhi mbele ya watu.

Nianze na lile uliloniuliza. Ulitaka kujua, na ni haki yako kwa kuwa karo unalipa wewe, haya masomo ya jumla ni ya nini. Ulisema ulinipeleka chuoni Ukunda nikajifunze kubuni fanicha, si kusoma historia na Kiswahili na afya kama mtoto wa shule. Ulisema ubao hauulizi insha. Nilicheka sana, kisha nikalitumia neno hilo darasani kama langu.

Mwanzoni nilikuwa upande wako. Sisi wa fanicha, na wale wa mitindo ya nguo, na wale wa michoro ya matangazo, hukusanywa sote ukumbini, tukafundishwa mambo ambayo hakuna aliyeyajia. Hisabati ilinifaa. Historia nililala, sikufichi. Liko somo jingine linaloitwa Mtu na Mahitaji Yake, nalo hufundishwa na Mwalimu Kahaso, mama wa makamo kutoka upande wa Kinango. Hajui kushika randa wala hajifanyi kujua. Yeye husema kwamba anayelipa na anayetumia mara nyingi ni watu wawili, na fundi humpimia mtumiaji. Tena usimwulize mtu kama anataka hiki au kile, kwa sababu mwenye adabu atakubali chochote utakachomwekea mbele. Mwambie akusimulie siku yake ndani ya chumba hicho, tangu kuamka mpaka kulala, kisha funga mdomo. Maksi nyingi zilikuwa kwenye kufunga mdomo. Mara ya kwanza nilifeli, jambo ambalo Mama hakulishangaa hata kidogo.

Basi tukaambiwa kila mmoja akamhoji mtu anayemtengenezea kitu cha kweli. Mimi nilikuwa nacho tayari: kitanda chako cha harusi, na kupanga vile vyumba viwili ulivyojenga ubavuni mwa nyumba ya Baba. Wewe ulikwisha kunipa maagizo: mbao za mbambakofi, matendegu, yaani miguu, ya kuchonga, futi tano kwa sita. Lakini mtumiaji mwingine alikuwa Msambweni, na kwa masharti ya Mwalimu Kahaso hakuwa amehojiwa. Nikaona kazi ya chuo na kazi ya nyumbani zitamalizwa kwa safari moja. Nikamwomba Mama ruhusa, nikaenda kwa mchumba wako.

Walinipokea vizuri. Bi Warda, mamake Hanifa, aliniletea chai ya tangawizi na vitumbua, halafu akaketi katikati yetu akiambua kunde, kama inavyopasa. Nilimwomba Hanifa anisimulie siku yake katika nyumba ile mpya. Alifikiri kidogo, kisha akaanza. Alisema ataamka alfajiri, ataswali, atafungua dirisha la upande wa mashariki. Chini ya dirisha iwepo meza, na juu ya meza rafu ya vitabu, maana kabla ya kutoka atapenda kusoma kidogo. Kisha atavaa sare, atafunga mlango, ataweka ufunguo mkobani. Jioni atarudi, atapika kwa sufuria ndogo, atakula, ataosha sahani, atasoma tena mpaka usingizi umchukue. Aliyasema yote bila kusita, macho yake ukutani, kama anayekitazama chumba chenyewe. Mimi nilikuwa nimeshughulika sana na kunyamaza, hata sikusikia.

Mwisho nikamwuliza kitanda anakitaka cha ukubwa gani. Akasema tatu na nusu kwa sita.

Bi Warda aliangua kicheko mpaka kunde zikamwagika. Akaniambia nisimsikilize, mwari ana haya, niandike tano kwa sita kama alivyosema bwana harusi. Mimi pia nilicheka. Hanifa hakucheka. Alisema fundi ameuliza naye amejibu, kisha akainama kuokota kunde.

Niliporudi chuoni nilibandika mchoro wangu ukutani ili darasa liutazame. Nilikuwa na fahari nao, kwa meza ile na dirisha lile. Msichana mmoja wa mitindo ya nguo, Cynthia kutoka Nairobi, aliutazama kitambo, akauliza kwa Kiswahili chao cha bara mbona bwana hayuko kwa hii nyumba. Darasa likacheka. Nilihamaki. Nilisema hawa wa bara hawajui mambo ya haya. Mwalimu Kahaso hakumuunga mkono Cynthia wala mimi. Alisema huenda ni haya na huenda si haya, lakini fundi habahatishi, nirudishe mchoro kwa mwenyewe.

Usiku huo nilimtafuta bwana ndani ya siku ya Hanifa. Sikuona kiti chako, wala viatu vyako mlangoni, wala saa unayorudi. Ufunguo ulikuwa mmoja.

Nilirudi Msambweni na michoro miwili, mmoja wa tano kwa sita na mmoja wa tatu na nusu. Nakueleza nilivyoona, bila kutia chumvi. Bi Warda alinusa wali ukiungua akakimbilia jikoni, na Hanifa akaweka kidole juu ya kitanda kidogo. Sikuuliza kitu. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba hana ubaya nawe hata chembe, amesikia sifa zako na anaziamini. Lakini amepata nafasi ya kusomea ukunga, na akiolewa Mfungo Mosi, mara baada ya Ramadhani, nafasi hiyo itapotea, na zaidi ya hayo moyo wake haujafika kwenye ndoa. Nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanikumbusha siku ya posa, mjomba wake alipomfuata nyuma ya pazia kumwuliza kama ameridhika. Wewe wajua kwetu mwari akinyamaza huhesabiwa amekubali. Alinyamaza, alisema, kwa kuwa alikuwa akitafuta namna ya kusema hapana bila kumvunjia baba yake heshima mbele ya wageni, na kabla hajaipata, vigelegele vilikwisha kupigwa.

Kaka, mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia lile, na kipande cha halwa mdomoni. Nilishangilia kuliko wote. Niliona aibu kubwa pale, nayo haijanitoka mpaka leo.

Bi Warda alirudi tukazungumzia rangi za ukuta.

Sasa nisikilize vizuri. Hanifa akikataa leo, baba yake atafedheheka, na mji mzima utatafuta ni nini kilichompata binti. Lakini wewe ukisema umeahirisha, au umebadili nia, midomo itakutafuna wewe kwa muda kisha itachoka, nawe uko mbali huyasikii maneno yao. Wazee husema heri nusu shari kuliko shari kamili. Mimi sikuamuru, sina cheo hicho. Nakuomba jambo moja tu. Nyuma ya karatasi hii nimeandika nambari yake, kwa ruhusa yake. Mpigie. Usimwulize kama anakupenda, wala kama amekubali, kwa sababu atakujibu kwa adabu. Mwambie akusimulie siku yake katika nyumba ile, kisha unyamaze, na kimya kikiingia usikijaze wewe. Hilo ndilo somo la jumla ulilonilipia. Mimi nimekwisha kulitumia, limebaki lako.

Huenda unajiuliza kama nina langu kwa Hanifa. Sina. Nilijiuliza kabla yako, kwa kuwa nilijua utauliza.

Lakini liko jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nichane karatasi kadhaa kabla ya hii. Zile mbao za mbambakofi ulizozigharamia nimeshazikata. Mifumbati, zile mbao za ubavuni, ni futi sita, hiyo haina ubishi. Ila vitakizo, zile mbao za kichwani na miguuni zinazotoa upana, nimevikata kwa tatu na nusu. Hakuna aliyenituma. Mwalimu Kahaso hajui, na Hanifa mwenyewe hajui. Nilijiambia ni zoezi la chuo, na nilikuwa najidanganya. Ukweli ni kwamba nilijijua. Mbao zingebaki nzima ningekitengeneza cha tano kwa sita na kukaa kimya, kwa sababu wewe ni kaka yangu, na karo yangu inatoka mgongoni mwako, na harusi ni furaha ya Mama. Ubao ukishakatwa haurefushwi. Nikaukata ili nisiweze kurudi nyuma. Nilipomaliza niliketi juu ya vumbi la mbao nikakulilia wewe, kaka yangu, kwa kuwa najua jinsi ulivyoisubiri siku hiyo.

Hanifa akikwambia tano kwa sita, nitanunua mbao nyingine kwa jasho langu na nitakuomba radhi mbele ya Baba na Mama. Akikwambia tatu na nusu, niruhusu nimpelekee kitanda hiki kwa jina lako. Ni kizuri. Matendegu nimeyachonga kama ulivyoagiza.

Baba anakusalimu, na anauliza kama huko kuna dawa ya nyani. Majirani wote wanakusalimu. Mama anakusalimu kwa dua nyingi. Ameanza kudarizi mashuka ya harusi, na jana alikuja karakana kuniuliza kama vipimo vya kitanda ni vilevile. Nilinyamaza. Akatabasamu, akaenda kukata kitambaa cha tano kwa sita.

Mdogo wako akupendaye,
Feisal