Maji Yanayopinda Penye Chumba Chako

Nyumbani, meza ya jikoni.
Jumapili asubuhi, mvua imetupumzisha kidogo.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na kwamba ule mgongo wako umeacha vituko vyake. Usinyanyue vitu vizito, na kama hunisikii mimi, basi msikie wifi, maana yeye ndiye anayekuchua. Na huyo mwanao wa mwisho, bado anakimbia simu nikipiga, au ameshajua kwamba shangazi haumi?

Sisi huku tu wazima wa kujikongoja. Mama hajambo. Magoti ndiyo yanayomletea ubishi asubuhi, lakini akishapata chai anatawala nyumba nzima kama kawaida yake, mpaka paka anajua pa kulala na pa kutolala. Mimi nimechoka. Nakuambia mapema usije ukashangaa mwandiko unavyolala, nimechoka mpaka nywele.

Habari za mvua umezisikia kwenye simu, lakini kusikia si sawa na kuamka na kukuta sufuria zinaelea. Siku hizi haiji ile mvua ya kwetu ya zamani ya kunyeshanyesha. Inakaa kimya mpaka vumbi linatupanda puani, halafu siku ikiamua inajimwaga yote kwa pamoja, kama mtu aliyekuwa amebeba hasira. Sisi jikoni maji yalitufika kwenye vifundo vya miguu. Jirani yetu Fundi Pindo, yule fundi cherehani aliyekuwa akikukunjia suruali za shule, yeye yalimfika hadi kitandani. Wajukuu wake aliwapandisha juu ya meza. Cherehani ilikunywa maji na nguo za wateja zikaenda na mkondo, na ukuta wake wa upande wetu umepasuka ufa ambao mkono unaingia. Mvua nyingine ya namna ile ukuta utalala chini, na ndani kuna watu. Hilo ndilo linaloninyima raha, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sasa nikueleze kazi, maana hayo mawili yameingiliana. Unajua ofisi yetu inanizungusha huku na huko kuendesha warsha za kuwasaidia watu wajipange na mabadiliko ya tabianchi. Safari hii bosi akaniambia warsha ni ya mtaa wetu wenyewe. Alifurahi kweli, akasema nitapata kazi nyepesi kwa kuwa wote wananifahamu. Yeye kwao ni mbali, hajawahi kumfundisha mtu aliyewahi kumfuta kamasi.

Basi tulikutana ukumbini, ule wenye viti vya plastiki vinavyonata mgongoni. Swali la kwanza la washiriki lilikuwa ni chakula saa ngapi. La pili lilikuwa kama ni chakula chenye nyama. Nilikuwa nimeandaa picha za kuonyesha ukutani, umeme ukakatika kabla sijafungua mdomo, na sikusikitika hata kidogo, kwa sababu picha zenyewe zilikuwa za barafu inayoyeyuka na hapa barafu tunaijua ya kwenye juisi.

Warsha zetu ni shirikishi, yaani hakuna mtu wa kusimama mbele na kuwamwagia wenzake elimu kichwani. Watu wenyewe wanachora mtaa wao sakafuni, wanaonyesha maji yanakopita, wanapanga la kufanya. Vizibo vya soda ndiyo nyumba, majani ndiyo miti, na vipande vya kitambaa cha buluu ndiyo maji. Mimi mwezeshaji nauliza tu, mikono nyuma. Sheria yetu kubwa ni kwamba mwezeshaji hagusi ramani. Ukigusa, imekuwa ya kwako, na kesho watakuambia katengeneze mwenyewe mtaro wako.

Ramani ya kwanza, ya maji ya sasa, walichora vizuri sana. Kitambaa kikashuka kutoka mlimani, kikapita shuleni, kikapita nyuma ya soko, kikafika kwenye kizibo chetu kikapiga chenga na kwenda moja kwa moja kwa Fundi. Ndivyo ilivyo, maji yanagonga ukuta wa chumba chako cha uani, yanageuka, yanamvamia jirani. Hakuna aliyelisema kwa mdomo, ila kitambaa kilisema.

Kisha nikawaomba wachore ramani ya zamani, maji yalikuwa yakipita wapi kabla mtaa haujajaa. Hapo ndipo kazi iliponiharibikia.

Wewe na mimi tunajua yalikopita. Tulikuwa tukishindanisha kandambili kwenye mtaro ule, na zako zilikuwa zikishinda kwa sababu ulikuwa ukizisukuma kwa kijiti, usikatae. Mtaro ulipita palepale kilipo chumba chako. Marehemu Baba aliuziba kwa kifusi ulipomaliza shule, akakujengea chumba juu yake, ili ukianza maisha uwe na pa kuanzia. Simlaumu Baba. Mvua za wakati ule zilikuwa na adabu, zilikuta njia imefungwa zikazunguka taratibu, na hakuna aliyelalamika.

Kila mwenye mvi ukumbini analijua hilo. Lakini aliyeshika kitambaa alikuwa Fundi Pindo mwenyewe, na Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele na pochi yake magotini. Kaka, Fundi alikilaza kitambaa cha zamani kikapinda vilevile. Akakipitisha kwenye nyumba yake kwa mkono wake, akasema, "Hapa ndipo yalipokuwa yakipita tangu hapo."

Wote wakaitikia. Hata Bwana Redio, ambaye tangu tukiwa watoto hajawahi kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, aliangalia dari.

Unajua kwa nini. Fundi alipohamia hapa hana mbele wala nyuma, Mama ndiye aliyempa baraza yetu aweke cherehani, na akamlisha mpaka akapata wateja. Mtu wa namna hiyo atasemaje mbele za watu kwamba nyumba ya Mama ndiyo inayomzamisha? Hawezi. Na wenzake hawawezi kumsemea. Wakamstahi Mama, wakanistahi na mimi, na ramani ikawa ya uongo kwa heshima tupu.

Ramani ikishakuwa ya uongo, mpango nao unafuata. Walipopiga kura kwa maharage, karibu yote yakaenda kwenye wazo la kujenga ukuta wa mawe mbele ya kwa Fundi. Ukuta ule hautamsaidia kitu, maji yataingia nyuma yake na kukaa humo kama maji ya beseni. Mimi nilisimama na mikono yangu nyuma kama nilivyofundishwa. Nikauliza kama kuna mwenye swali juu ya ramani ya zamani. Nikauliza tena kwa namna nyingine, nikaambiwa chakula kimefika.

Tulirudi nyumbani na Mama tukizungumzia bei ya nyanya. Mambo ya ramani hakuyagusa, nami sikuyagusa. Nakiri niliogopa. Nimewahi kusimama mbele ya mawaziri bila kutetemeka, ila mama yangu akinyamaza nabaki na bei ya nyanya.

Siku iliyofuata nilivua viatu, nikaingia juu ya ramani, nikainama, nikakinyoosha kile kitambaa. Nilikipitisha kwenye kizibo chetu, upande wa uani, mahali pake. Bosi alikuwa amekuja kutazama na alinikodolea macho, maana sheria ya kutogusa aliiandika yeye. Niliwaambia tu washiriki kwamba mimi ni mtoto wa nyumba hiyo na mtaro huo niliuchezea.

Fundi ndiye aliyesema, na kwa sauti ya chini kabisa. "Rudisha tu, dada. Mama amekaa hapo."

Sikurudisha. Mama aliinuka, akachukua pochi yake, akaondoka kabla ya chakula, na wewe unamjua Mama anavyokipenda chakula asichokipika yeye. Jioni alinipakulia kwenye sahani ya wageni, ile yenye maua, na kuniuliza kama napenda kuongezewa mchuzi. Kaka, bora angenichapa. Nimeishi naye miaka yote hii, namkanda magoti, nafukuza maji jikoni kwa fagio, halafu nakuwa mgeni kwa ajili ya kitambaa.

Alikaa hivyo mpaka juzi. Nilikuwa nikiosha vyombo, akaja akasimama mlangoni, akaniambia: "Baba yenu alijaza kile kifusi kwa mikono yake ili mwanangu apate pa kurudia. Chumba si changu kukibomoa, wala si chako. Mwandikie mwenyewe."

Basi nakuandikia wewe, mwenyewe.

Nilitaka kukuandikia barua laini. Nilipanga nikueleze kwamba mtaro ukifunguliwa utachukua chumba chako na kipande cha ua, kwamba nyumba kubwa itabaki, na kwamba vijana wa mtaa wamejitolea kuchimba na ofisi itatoa mawe na saruji. Yote hayo ni kweli. Washiriki wamekubali kusubiri neno la familia kabla ya kupitisha mpango, na mvua kubwa zinarudi karibuni. Lakini barua laini ingekuwa kitambaa kingine kilichopindishwa.

Mama hufungua dirisha la chumba chako kila wiki. Anafagia, anatikisa godoro, anabadilisha mashuka ambayo hayajalaliwa. Shati lako la buluu liko kwenye msumari uleule. Mgeni akija analala sebuleni, kwa sababu chumba kina mwenyewe na mwenyewe yuko njiani. Mimi nikitaka pa kuweka makaratasi ya kazi naambiwa niweke chini ya kitanda changu. Nimelala juu ya tabianchi miaka sasa.

Na mimi najua kwamba mwenyewe hayuko njiani. Uliniambia kwenye simu, mwaka ule uliponunua nyumba huko, kwamba watoto wameshaota mizizi, wifi ana kazi yake, na kurudi kuishi haitawezekana tena. Ukaniomba nisimwambie Mama, utamwambia mwenyewe ukipata nafasi nzuri. Nikakubali. Kila akiniuliza kama umetaja lini unarudi, namjibu kwamba unasubiri mambo yakae sawa. Nimelijibu hilo mpaka limenikaa mdomoni kama wimbo wa matangazo. Nimechoka nalo, Kaka. Kuliko mafuriko, kuliko ofisi, hilo ndilo linalonichosha.

Sikulaumu kwa kuishi mbali. Maisha ni popote penye riziki, na unatukumbuka, hilo Mama analisema kwa kila anayepita. Hasira ninayo kidogo, sitakuficha, ila upendo ni mwingi kuliko hasira. Ninachosema ni kwamba mzee mzima kama Fundi ameyalaza maji kwenye nyumba yake mwenyewe ili asiguse chumba ambacho hakuna atakayelala ndani yake. Yeye hajui. Wewe na mimi tunajua.

Nakuandikia hivi huku nikiisikia cherehani yake. Ameikausha, ameipaka mafuta, na Mama amemwambia airudishe barazani kwetu kama alivyoanza. Yuko hapo nje, anashona mapazia ya mtu, anamsalimu Mama kwa heshima zote. Amempelekea na mto wa kuegemeza magoti alioushona kwa mabaki ya vitambaa. Wala hajauliza tulichoamua ni nini.

Leo asubuhi Mama amefua tena mashuka yako. Yananing'inia kwenye kamba, na upande wa mlimani mawingu yameanza kujikusanya.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Usinijibu mimi. Mwandikie Mama, kwa mkono wako, umwambie lile uliloniambia mimi kwenye simu. Atalia. Nitakuwepo. Miwani yake haimsaidii tena kwenye maandishi madogo, kwa hiyo nitamsomea mimi, na nakuahidi sitapunguza neno wala kuongeza. Kitambaa cha ukumbini nimekinyoosha mimi na nimekula kwenye sahani ya wageni. Kilichobaki hiki ni chako, kinyooshe wewe.

Na umwambie pia utakuja kumwona, hata kama ni kwa likizo fupi, kama ni kweli. Kama si kweli, usimwambie. Ukija utalala chumbani kwangu. Nitatoa makaratasi.

Nisalimie wifi sana, umwambie ile picha aliyotuma imebandikwa karibu na saa ambapo kila mtu anaiona. Wasalimie watoto wote, mkubwa umpe pole ya mitihani na mdogo umbusu hata akikimbia. Mama mdogo anakusalimu na anauliza kama bado unakoroma. Bwana Redio naye anakusalimu, na salamu zake ni ndefu, nimezifupisha. Fundi Pindo anasema ukija na suruali ndefu yuko tayari. Mama hajasema nikusalimu. Amesema nikuulize kama unakula vizuri.

Mungu awalinde huko mliko, awape afya na usingizi mtulivu, na atuzuilie mvua hii kidogo mpaka barua yako itufikie.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, niliyechoka lakini nipo.