Mwano Ulipopigwa Tukiwa Gwarideni

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Songwa tu wazima, na bibi yako bado ananigombeza.

Unauliza kama mafunzo ya mgambo yatakusaidia kuingia polisi. Yatakusaidia. Mimi nilipotoka vitani Burma, polisi Shinyanga walinipokea mara moja, maana bunduki na gwaride nilikuwa nimeshavijua.

Ila sikia. Asubuhi moja tumesimama gwarideni, mwano ukapigwa, lile yowe letu la kuomba msaada. Ng'ombe wa mjane wa kijiji cha jirani walikuwa wameibwa. Kwetu Wasukuma, anayesikia mwano hukimbia. Mkubwa wetu, Mzungu, akafoka, "Hakuna kusogea!" Nikatoka mstarini, nikakimbia na wanakijiji mpaka tukawarudisha ng'ombe.

Niliporudi akaniuliza, "Jeshi halikukufundisha kutii?"

"Lilinifundisha, bwana. Lakini mwano ulinifundisha kabla yake."

Akanivua sare palepale. Sijajuta, na sijuti!

Nenda mgambo, mjukuu wangu, ukajifunze kusimama. Lakini usisahau kwamba maziwa uliyokulia ni ya uzao wa ndama niliyepewa na yule mjane.

Babu yako,
Masanja