Mate ya Kukinga Kijicho

London, Oktoba 1954

Dada Polixeni,

Nimefika salama, ingawa chai ya huku ni maji ya kuoshea vyombo yaliyotiwa maziwa. Na hayo mashindano yao ya urembo wa dunia! Vizee vyenye vitambi vimekaa mezani vinakagua mabinti wa watu kama mbuzi wa Pasaka.

Chrisa wako alipoitwa jukwaani nilimtemea mate, ftu, ftu, ftu, asipatwe na kijicho, kama ulivyomtemea siku ya ubatizo wake. Mlinzi akanidaka mkono. Mkalimani wao, Mwingereza aliyejifunza Kigiriki vitabuni, akanifokea: "We bibi, unamtemea mate mshindani?"

"Mshindani gani? Huyu mtoto wa dada yangu! Muulizeni!"

Wakamuuliza. Chrisa akautazama mtandio wangu mweusi, akajifuta shavu. "Simjui bibi huyu."

Nikatolewa nje kama paka mwizi.

Taji lenyewe hakupata. Jioni alikuja dereva wa kimoja cha vile vizee, kachukua sanduku la Chrisa.

Mwambie shemeji asimchinje yule kondoo wa kumpokea Chrisa. Narudi peke yangu.

Nduguyo,
Evanthia