Sentensi Niliyoiongeza kwenye Barua ya Mkonge

Korogwe, 3 Agosti 1998

Mpendwa Mama Beatrisi,

Shikamoo. Naomba msaada wako katika safu yako ya gazetini, na kabla sijaanza naahidi kusema yote, hata yanayoniaibisha, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, kwetu ni Chanika, Handeni, lakini nasoma Korogwe na naishi kwa baba yangu mdogo, Mzee Hiza, mnyapara wa kitalu katika shamba la mkonge ambalo serikali imeliuza kwa kampuni, na tangu liuzwe wafanyakazi wengi wamepunguzwa, kwa hiyo kila aliyebaki anatembea kwa tahadhari. Mwezi wa tano mteja wa Ulaya anayefuma mazulia kwa singa zetu, yaani nyuzi za mkonge, aliandika kuuliza tunafanya nini ili shamba lisichakae na watoto wetu nao walikute, akasema siku hizi wanunuzi wake hawachukui zulia bila kuuliza hayo, na meneja akampa baba mdogo kazi ya kujibu kwa kuwa amekaa na mkonge miaka ishirini na miwili, naye kwa kuwa Kiingereza hakijui akaniita mimi niandike.

Alitaja mambo manne: kwamba tunakata majani ya chini tu na mmea unaendelea kukua, kwamba miche inalelewa kitaluni zaidi ya mwaka, kwamba mabaki ya majani yanarudishwa shambani yawe mbolea, na kwamba maji machafu ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, bado yanaingia mtoni ila tumeanza kuchimba mashimo ya kuyazuia. Mama, hilo la nne niliona ni aibu kumwandikia mgeni, nikaliacha, na mahali pake, kwa kukumbuka maneno ya “Kata mti, panda miti” yaliyoandikwa kwenye ukuta wa darasa letu, nikatunga langu: “Kwa kila mkonge tunaoukata leo, tunapanda miwili kabla jua halijazama.” Niliisoma mara tatu kwa jinsi ilivyopendeza. Baba mdogo akaweka sahihi.

Sasa mteja ameipenda sentensi hiyohiyo, anataka kuichapa kwenye lebo ya kila zulia, na tarehe 28 anakuja kupiga picha za huo upandaji. Meneja alimwambia baba mdogo mbele ya watu, “Mzee Hiza, kumbe u fundi wa maneno. Basi toa miche kitaluni tuipande kando ya barabara, mgeni aione.” Baba mdogo akajibu kwamba miche bado ina urefu wa kidole, ardhi imekauka, na pale ndipo wanapopita ng'ombe wa wafugaji, kina Kuntai, wakienda mnadani. Meneja akasema kama hawezi atatafutwa mnyapara anayeweza. Miche hiyo ikitolewa, mvua zikija hakuna cha kupanda.

Mama mdogo Hilaria anamtania mumewe kwamba miaka yote alizoea kuongea na miche, leo ameanza kuongea na Wazungu, naye anacheka, lakini chakula anakibakiza. Linaloniumiza zaidi ni alichomjibu juzi: “Asnath hakosei kuandika. Labda ni mimi niliyesema vibaya.”

Nikinyamaza kitalu kinakufa, nikisema baba mdogo ataonekana mwongo na huenda mteja akatukimbia. Je, nimwambie nani kwanza, baba mdogo, meneja au mteja? Nakuomba unijibu kwa posta ijayo.

Asnath

JIBU

Asnath mwanangu, marahaba. Nakala ya jibu hili nimeitia posta leo. Wasomaji wengine watalisoma gazetini baadaye, wao hawana miche inayosubiri.

Kwanza nikugombeze. Umesema uongo mara mbili, mmoja kwa kalamu na mwingine kwa kunyamaza, na huo wa kunyamaza ndio mbaya zaidi. Mteja hakuomba shairi, aliuliza mnafanya nini. Ukamjibu kwa maneno ya wapasua mbao, wakati mkonge haukatwi shina! Unatoa majani miaka kumi ukiwa palepale ulipopandwa. Habari nzuri ulikuwa nayo, ukaitupa ukaokota nyingine. Nilicheka, nisikufiche. Na kuhusu mto, mnunuzi haogopi doa aliloambiwa, anaogopa alilofunikiwa, maana akiligundua mwenyewe hata mbolea yenu ya kweli hataiamini.

Wa kwanza ni baba yako mdogo. Mwambie leo, kabla hujavua sare ya shule, na usianze kwa kulia. Sema, “Ni mimi niliyeongeza, na ni mimi niliyepunguza.” Akikasirika, mwache akasirike, mtu aliyekuwa akijilaumu bure ana haki hiyo. Kisha aseme upya, uandike, umsomee kwa Kiswahili kipengele kwa kipengele hadi akubali, ndipo asaini.

Barua hiyo mpelekeeni meneja pamoja, nawe ukiri mbele yake. Mwambieni picha ya miche iliyokanyagwa na ng'ombe itamfukuza mteja upesi kuliko maji ya korona. Mfanyabiashara huelewa hesabu hiyo. Aitume kwa faksi wiki hii, kabla lebo hazijachapwa.

Na mgeni akija, omba ruhusa shuleni ukawe mkalimani. Apelekwe kitaluni, kisha kwenye mashimo ya maji. Atakalosema Mzee Hiza, lifikishe lote kama lilivyo, hata likikukwaruza masikio.