Dada, Ulisema Uko "Grand"

Dada yangu Mghoi,

Leo ni Ijumaa, siku yetu ya simu. Saa nne asubuhi nimejikuta nimeketi kitandani katika chumba cha dereva hapa Al-Malqa, simu mkononi, nikikusubiri uniite "we Mwakio" kwa ile sauti yako ya kugombeza. Hii ni wiki ya saba hujapiga. Nimeona bora nikuandikie, kwa sababu yaliyonijaa moyoni sina mwingine wa kumwambia.

Unakumbuka ulivyoanza kazi Jeddah? Ulitoka Wundanyi na Kiingereza chako cha shule, ukiamini kimekutosha. Ukafika Al-Hamra ukakuta familia kutoka Ayalandi: baba mhandisi, madam Nora mwalimu, na mabinti wawili. Wiki ya kwanza ukanipigia ukinong'ona, "Mwakio, hawa wanasema Kiingereza, lakini si kile tulichosoma."

Madam alikuwa amekwambia uweke taulo kwenye "press". Ulishangaa taulo zipigwe pasi za nini, lakini kazi ni kazi, ukazipiga zote moja baada ya nyingine. Kumbe kwao "press" ni kabati. Madam alipokukuta alicheka hadi akaketi sakafuni, nawe ukacheka, na uliniambia siku hiyo ndiyo woga ulikutoka.

Tangu hapo kila Ijumaa nilikuwa na somo. Ulinieleza kwamba "messages" kwao ni vitu vya dukani. Madam alisema anakwenda kuchukua "messages", wewe ukampelekea simu yake aliyoisahau mezani. Siku nyingine akakuita, "Your man is at the door!" Ukamjibu, "Madam, mimi sina mume." Alikuwa ni yule jamaa wa kuleta maji; kwao mwanamume yeyote anayezungumziwa ni "your man", hata kama humjui. Na yule binti mdogo, Orla, alipochora ukutani, mama yake akasema ni "bold". Wewe shuleni ulifundishwa kwamba neno hilo ni ujasiri, ukampongeza mtoto na kumpigia makofi. Kumbe wao humaanisha mtundu. Nilicheka siku hiyo nikiwa nasubiri taa kwenye makutano, mpaka madam wangu akauliza kutoka kiti cha nyuma nina nini.

Kisha ukanifundisha "grand".

"Sisi tuliambiwa ni kitu kikubwa, cha fahari," ulisema. "Hawa wakisema wako 'grand' ni sawa tu, hivyo hivyo. Chai imepoa, 'grand'. Gari limegongwa, 'grand'. Madam juzi alikuwa analia jikoni, mama yake anaumwa huko kwao. Nikamuuliza vipi, akafuta macho, akasema, 'I'm grand, Mghoi.' Nimegundua, wakitaka usiulize zaidi, hilo ndilo wanalosema."

Ni wewe uliyeniambia hivyo, dada. Kwa mdomo wako.

Mwezi uliofuata nilianza kukusikia ukihema kwenye simu. "Mbona unahema?" "Nimetoka kupanda ngazi. I'm grand." Ulilitamka kama wao, ukivuta ile sauti ya katikati, nami nikacheka, kwa sababu nilidhani unanichekesha. Nilikujibu kwa neno lilelile. Tulikuwa kama watoto wawili wenye lugha yao ya siri.

Halafu ikaja ile safari. Mabosi wangu walisafiri kutoka huku hadi Jeddah kwa siku mbili, mimi nikiendesha, wakanipa mchana mmoja. Tukakutana Bani Malik, kwa yule rafiki yako Rehema. Mwaka mzima na nusu tulikuwa hatujaonana ana kwa ana. Ulivaa malapa, ukasema viatu vinakubana. Rehema akakanda unga, akasukuma chapati, akazichoma, wewe umeketi kwenye godoro tu, mgongo ukutani. Wewe! Mtu ambaye tangu nipate akili hujawahi kumwachia mtu mwingine kifimbo cha kusukumia chapati, hata Krismasi ile ulipokuwa na homa na mama akakusihi ulale.

Niliona. Nataka ujue kwamba niliona. Nikakuuliza, "Dada, uko sawa kweli?" Ukanipiga kofi dogo begani. "Niko grand, eejit wewe." Hilo nalo ulikuwa umenifundisha, ni mjinga unayempenda. Nikala chapati sita. Nilipoondoka hukunisindikiza mpaka chini. Ulinipungia mkono pale pale ulipokaa.

Madam Nora alinipigia Jumanne, nikiosha gari. Sikuijua namba. Akauliza kama mimi ni kaka yake Mghoi, nikasema ndiyo. Akasema, "I'm so sorry for your trouble."

Nilidhani ananiomba radhi kwa kunisumbua kazini. Nikamjibu kwa adabu, kama unavyomjibu mzungu: "No trouble, madam. No trouble at all."

Kisha nikamsikia analia, maji ya mpira yakiwa yananimwagikia miguuni, na hapo ndipo nilipoelewa. Baadaye aliniambia kwamba kwao ndivyo wanavyompa pole mfiwa, wanamshika mkono na kumwambia hivyo. Hilo hukuwahi kunifundisha, dada. Hatukuwa tumelihitaji.

Nilipewa siku tatu, nikaja. Madam Nora alinikumbatia mlangoni, akanikalisha jikoni kwako, akanieleza yote. Moyo wako ulikuwa umepanuka. Daktari alikwambia upumzike, urudi nyumbani, na madam alikuwa tayari kukukatia tiketi. Ukamwomba akuachie mpaka watoto wafunge shule. Ukamwapisha asiniambie. "She said you'd leave your job and come," alisema. "She said you're only after getting settled." Hata katika majonzi yale nilimwelewa, kwa sababu ulikwisha kunieleza kwamba "after" yao ni jambo lililotendeka sasa hivi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetulia. Ulikuwa unanilinda nisihangaike.

Nimekukasirikia, Mghoi. Nakwambia ukweli kwa sababu hatukuzoea kufichana, au nilidhani hatukuzoea. Ulinipa neno, ukanieleza kwamba ni pazia, kisha ukalivuta mbele ya uso wangu. Nami najikasirikia zaidi, kwa sababu nilijua lilikuwa pazia na sikunyoosha mkono. Ningeacha kazi, ndiyo. Ningekuja. Ningekubeba hadi uwanja wa ndege kama mgongo wangu ungeweza. Huo ulikuwa uamuzi wangu, dada, na uliniamulia wewe, kama ulivyoniamulia kila kitu tangu nilipokuwa navaa kaptula ulizonishonea.

Hospitalini niliruhusiwa kukuona kwa dakika chache. Nywele zako zilikuwa zimesukwa vizuri. Orla alikuwa amekuchorea picha, mama yake akaniomba niiweke pamoja nawe, nikaiweka.

Sikuweza kukusindikiza nyumbani. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini, ilikuwa imekwisha muda, na mpaka ifanywe upya hakuna ruhusa ya kutoka na kurudi. Kafili, mwajiri anayenidhamini, alijaribu, nasema kwa haki, alipiga simu mbele yangu mara tatu. "Mafi faida," hakuna la kufanya, aliniambia mwishowe, na akaniwekea mkono begani. Nilirudi Jeddah kukuaga; ukaondoka peke yako, na madam Nora akalia pale mizigoni uwanja wa ndege kuliko mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimekauka.

Siku ya maziko mtoto wa shangazi alinishikia simu ili nione. Nilikuwa nimeegesha nje ya shule, nasubiri watoto wa bosi. Niliwaona watu wa kanisani, nikasikia wakiimba. Nikamwona mama kwa nyuma, kile kitambaa chake cha bluu, watu wawili wamemshika. Wakaanza kukushusha, na picha ikaganda. Nikaizima simu, nikaiwasha, nikapiga tena na tena. Iliporudi, watu walikuwa wameanza kutawanyika na juu yako kulikuwa na maua.

Lango la shule likafunguliwa. Watoto wakaingia garini na mabegi yao, wakisukumana. Mdogo akaniomba nifungulie muziki. Nikafungua, nikawapeleka nyumbani.

Pumzika, dada. Mama nitampigia jioni.

Mdogo wako,
Mwakio