Simu Iliyokatika Mteremkoni

Migwani,
17 Machi 2024.

Kwa dadangu mpendwa Kanyiva,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, wewe na shemeji Mwangangi na watoto, na kwamba kikohozi cha Nzisa kimepungua. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mwaitu, mama yetu, amemaliza kupura ndengu juzi, ingawa magoti bado yanamsumbua. Anauliza kama mtakuja Pasaka.

Najua utashangaa kwamba mimi, mtu wa minara ya simu, nimekaa chini kuandika barua. Nimekupigia mara tatu mwezi huu na mara zote tumeishia kuongea juu ya mvua. Ndiyo maana nampa Mchungaji Muindi barua hii akuletee mkononi, kwa kuwa ana mkutano huko Wote leo jioni. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Jumamosi iliyopita nilienda Salama kumtafuta Kitonga, jirani yetu. Nilimpata kando ya barabara akiuza matikiti maji. Amekonda sana. Unajua alihama Januari, baada ya watu kuacha kununua dukani kwake na kanisa kumwondoa kwenye baraza la wazee. Hakuna aliyemfukuza. Walikuwa tu wakimwona wanavuka upande ule mwingine wa njia.

Naomba nikurudishe kwenye siku ile ya Novemba, ingawa najua inakuuma. Baba alipoumwa na nyoka shambani, Kitonga ndiye alimbeba kwenye pikapu yake, na Mwaitu akakaa nyuma amemshikilia kichwa. Wewe huko Wote ulikuwa umeshauliza kila mahali, ukaambiwa zahanati haina dawa ya sumu, iko hospitali ya misheni. Ukampigia Kitonga akiwa anateremka kilima, umwambie akifika njia panda asielekee zahanati. Simu ikakatika. Ulipompata tena alikuwa langoni mwa zahanati na nesi ameshatikisa kichwa. Walirudi mbio njia ile ile, lakini Baba aliacha kupumua kabla ya kuiona hospitali.

Pale kaburini ulisema mbele ya watu kwamba Kitonga alikukatia simu kwa sababu ya ule mzozo wake na Baba juu ya mpaka wa shamba, na ukamzuia asitupe udongo. Yeye alisema alisikia tu, “Kitonga, zahanati,” kisha kimya. Hakuna aliyemwamini. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yako na sepetu mkononi, na nilinyamaza.

Dada, Kitonga hakukata simu.

Acha nikueleze kazi yangu kwa ufupi. Mtu akiongea na simu huku anasafiri, mnara mmoja humkabidhi kwa mnara unaofuata, bila yeye kujua. Lakini kila mnara una orodha ya majirani zake. Jirani asipokuwa kwenye orodha, mnara hauwezi kumkabidhi mtu. Simu itang'ang'ania mnara wa nyuma mpaka mawimbi yaishe nguvu, na mazungumzo yakatike.

Septemba, kampuni yetu ilisimamisha mnara mpya pale karibu na shule, chini ya kilima chetu. Nilitumwa niipime barabara huku simu ikiwa hewani, kupanda na kushuka. Nilipanda, simu haikukatika. Kushuka sikupima. Ningependa kukuambia kulikuwa na sababu kubwa, lakini haikuwepo. Ilikuwa Ijumaa, njia ilikuwa mbaya, na Githaiga, mwenzangu wa kazi, alikuwa ananingoja sokoni tule muthokoi. Nikajaza fomu kwamba pande zote mbili ziko sawa, nikatia sahihi.

Mnara wa shule uliujua ule wa zamani wa kilimani. Wa kilimani haukuujua wa shule. Yeyote aliyeteremka akiongea alikatika pale kwenye kona ya mikonge.

Na kuna baya kuliko hilo. Siku mbili baada ya mazishi nilipiga simu ofisini, nikasema nimeona jirani mmoja amesahaulika kwenye orodha ya mnara wa kilimani. Wakamwongeza kwa dakika mbili, na hakuna aliyeniuliza swali. Kisha nikampigia Shiru, mke wangu, nikamwomba aongee tu chochote, nikateremka polepole kilima kizima. Aliongea juu ya maji na karo na kuku aliyepotea. Sauti yake haikukwaruza hata mara moja. Nilisimamisha gari njia panda, nikalia. Shiru akawa anauliza, “Bado uko?”

Miezi minne nimemwacha Kitonga abebe mzigo wangu.

Nilipomweleza haya kule Salama alisikiliza mpaka mwisho bila kuniangalia. Mteja akaja, Kitonga akampimia tikiti, akapokea pesa. Kisha akaniuliza kama wewe umeshajua. Nikasema bado.

“Basi nenda umwambie yeye,” akasema. “Mimi nilijua tangu siku ile kwamba sikukata.”

Sikuweza kumwomba msamaha tena. Nilikuwa nimemwomba, naye akageukia matikiti yake.

Kesho naenda ofisini kueleza ukweli wa ile fomu. Nadhani kazi itaisha. Jioni nitamwambia Mwaitu, na Jumapili nitasimama mbele ya kanisa. Nimetaka wewe ujue kwanza, kwa sababu ndiwe uliyepoteza mara mbili: ulimpoteza Baba, na ukalishwa chuki juu ya mtu aliyetusaidia. Kama utaamua kutonipokea nikija Wote, nitaelewa.

Wasalimie shemeji na watoto. Mwaitu anakutumia ndengu za mbegu kwa mkono wa Mchungaji. Anasema uzipande mvua ikianza, usizipike.

Ni mimi mdogo wako,
Kivuva.